Gari Kuukuu Ufukweni mwa Mweru: Historia ya Vipuri, Matunzo na Mfuko Mdogo

Utangulizi

Historia ya gari barani Afrika imezoeleka kuandikwa kama historia ya kuwasili. Tunaelezwa gari la kwanza lilifika mwaka gani, lilishushwa bandari ipi na nani aliliendesha. Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani aliyeondoka Dar es Salaam mwezi Agosti 1907 na kufika Swakopmund mwezi Mei 1909, anakumbukwa kwa kulikatiza bara kwa gari, akipita katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kinachosahaulika ni kwamba safari hiyo ilimchukua karibu miezi 21, na kwamba mara kadhaa gari lilisimama kwa muda mrefu likingoja vipuri na matengenezo. Tangu mwanzo, basi, kuwa na gari lilikuwa jambo moja, na kuliweka barabarani jambo jingine.

Insha hii inachunguza jambo hilo la pili. Eneo ninalolishughulikia ni ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, yaani wilaya za Chienge na Nchelenge katika Mkoa wa Luapula, nikitazama pia ng'ambo ya pili, Pweto na Kilwa, upande wa Kongo. Swali ninalouliza ni hili: mtu mwenye mfuko mdogo aliwezaje kulitunza gari kuukuu katika eneo hili, na nani aliamua kama ataweza au hataweza? Hoja yangu ni kwamba bei ya kununulia gari imeshuka kadiri miaka ilivyopita, lakini gharama ya kulitunza haikutoweka. Ilihama kutoka kwa serikali na kampuni, ikamwangukia mwenye gari na fundi wake. Katika kila kipindi, aliyeshika vipuri ndiye aliyeshika barabara.

Kabla ya injini: mbung'o na mabega ya watu

Ziwa Mweru halikuwa pembezoni mwa biashara. Mwaka 1867, David Livingstone alipolifikia ziwa hili mwezi Novemba, misafara ya Waswahili ilikuwa imeshaizoea njia ya kwenda kwa Mwata Kazembe. Mwaka huohuo Tippu Tip alimshinda Nsama katika nchi ya Itabwa, kaskazini mashariki ya ziwa, na kuteka pembe nyingi za ndovu. Pembe hizo zilibebwa na watu. Mbung'o waliua ng'ombe na punda, hivyo mikokoteni ya kukokotwa na wanyama haikuwa na nafasi.

Waingereza walipoweka kituo Chienge mwanzoni mwa miaka ya 1890, walitegemea mabega yaleyale. Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha gharama ya utaratibu huo, pale maelfu ya wapagazi wa Rhodesia ya Kaskazini, waliojulikana kama tengatenga, walipotumwa kubeba chakula na risasi za jeshi lililopigana Afrika Mashariki. Wengi hawakurudi. Kwa hiyo lori lilipoanza kuenea baada ya vita, halikuchukua nafasi ya farasi kama ilivyokuwa Ulaya. Lilichukua nafasi ya binadamu. Hili ni muhimu kwa hoja yangu, kwa sababu linaeleza kwa nini watu wa Mweru hawakuliona gari kama pambo. Gari likiharibika, mzigo ulirudi mabegani.

Lori la samaki

Samaki ndiye aliyeleta magari ziwani. Tofauti na pembe, samaki huoza. Migodi ya shaba ya Katanga na baadaye ya Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ilihitaji kitoweo cha wafanyakazi, na Mweru ilikuwa nacho. Katika miaka kati ya vita viwili vikuu, wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga, ukingo wa Kongo wa Mto Luapula, walinunua samaki na kuwapeleka Elisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi, kwa malori. David Gordon ameieleza biashara hiyo kwa kina katika kitabu chake Nachituti's Gift cha mwaka 2006.

Tukilitazama lori hilo kwa jicho la matunzo, tunaona kwamba nguvu ya mfanyabiashara ilikuwa zaidi ya mtaji wa kununua samaki. Alikuwa na uhusiano na mji wenye karakana, maduka ya vipuri na petroli. Mvuvi au mchuuzi Mwafrika angeweza kupata fedha za kununua lori lililochakaa, lakini ekseli ikivunjika hakuwa na mkopo wala mwakilishi wa kumletea nyingine.

Hata hivyo, ujuzi haukuweza kufungiwa dukani. Dereva na utingo wake walilala chini ya lori lilipokwama, wakashika spana, wakajifunza ni sauti ipi ni ya beringi iliyokufa na ipi ni ya springi iliyokatika jani. Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anaonyesha jinsi mafundi wa Tanzania walivyolifanya gari kuwa lao katika gereji za mitaani, mbali na vyuo rasmi. Naamini hoja yake inavuka mpaka wa Tunduma bila kuhitaji pasipoti.

Enzi ya uhaba, 1964–1991

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, matumaini ya usafiri yalikuwa makubwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia, na njia ya kusini ikawa mashakani. Mafuta na bidhaa vikageuziwa Dar es Salaam. Malori yaliyopita katika Barabara Kuu ya Kaskazini, kabla haijawekwa lami, yalikufa kwa vumbi, matope na mashimo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968 na reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976.

Katika Mageuzi ya Mulungushi ya Aprili 1968, serikali ya Kenneth Kaunda ilichukua asilimia 51 ya hisa katika kampuni kadhaa kubwa. Katika miaka ya 1970 magari ya Fiat yaliunganishwa mjini Livingstone, na mabasi ya shirika la umma, UBZ, yalibeba abiria nchi nzima. Ilionekana kana kwamba taifa lingejitegemea kwa magari yake lenyewe.

Lakini kuunganisha gari kwa sehemu zilizotoka nje ni kujitegemea kwa nusu. Bei ya shaba ilipoporomoka katikati ya miaka ya 1970, fedha za kigeni zilikauka, na vipuri vikakauka pamoja nazo. Mnada wa fedha za kigeni, uliofanyika kuanzia Oktoba 1985 hadi Mei 1987, uliishusha kwacha kutoka takriban 2 kwa dola hadi zaidi ya 10. Kwa mwenye gari la zamani maana yake ilikuwa rahisi kueleweka: gasketi ileile, iliyotengenezwa kiwanda kilekile, iligharimu mara kadhaa ya bei ya mwaka uliopita.

Uhaba huo ulizaa ufundi wa aina yake. Gari moja lilitolewa kafara ili mawili yatembee. Bushi zilichongwa kwa mpira wa tairi chakavu, na springi zilifuliwa upya kwa moto wa mkaa. Tusiupambe ufundi huu kupita kiasi. Bushi ya mpira wa tairi humfikisha mtu nyumbani, lakini haidumu. Breki iliyojazwa maji kwa kukosa mafuta ya breki hufanya kazi mpaka siku ya mteremko mrefu, maana maji yakichemka hugeuka mvuke na pedali huzama hadi sakafuni. Uhaba ulitufundisha kubuni. Ulituzoesha pia kuiita hatari kwa jina la ubunifu.

Mtumba wa Japani

Uchaguzi wa Oktoba 1991 ulimwondoa Kaunda na kumleta Frederick Chiluba na sera ya soko huria. Udhibiti wa fedha za kigeni uliondolewa mwaka 1994, na katika muongo huohuo UBZ ikafa. Nafasi iliyoachwa ilijazwa na gari lililotumika kutoka Japani.

Kwa nini Japani? Sababu ya kwanza ni usukani. Japani huendesha kushoto, sawa na Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda. Sababu ya pili ni sheria ya ukaguzi wa lazima ya Japani, ambapo gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi ni ghali, na mwenye gari la umri wa miaka saba au kumi huona heri aliuze. Gari ambalo kwa Mjapani ni mzigo hushushwa Dar es Salaam au Durban likiwa bado na injini nzima. Magari ya Dar es Salaam huingia Zambia kupitia Tunduma na Nakonde, na kwa njia hiyo Corolla, Hiace na Canter zimefika hadi Kashikishi na Chienge.

Ufuko wa Mweru una jambo lake la pekee hapa. Ng'ambo ya ziwa, Kongo huendesha kulia, urithi wa Wabelgiji. Hata ndani ya safari moja ya Mzambia, mkono hubadilika: anayetoka Luapula kwenda Ukanda wa Shaba kwa njia ya mkato hupita kilomita 70 hivi za ardhi ya Kongo, kati ya Chembe na Mokambo. Daraja la Levy Mwanawasa, lililofunguliwa Chembe mwaka 2008, liliondoa kivuko lakini halikuondoa mpaka. Gari la usukani wa kulia likiwa upande wa kulia wa barabara humlazimu dereva kuchungulia kabla ya kulipita lori, na taa zake, zilizoelekezwa kumulika ukingo wa kushoto, humpiga machoni anayekuja. Mnunuzi wa mtumba hununua na tatizo hili.

Soko huria lilileta vipuri tele, vingi vikiwa mtumba vilevile, vilivyong'olewa katika magari yaliyokufa. Masoko makubwa yaliyokua katika ukanda wetu, kama Gerezani jijini Dar es Salaam, Kisekka jijini Kampala na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, yanaonyesha ukubwa wa mabadiliko hayo. Uhaba wa zamani uliisha. Badala yake ukaja mtihani mwingine, wa kutofautisha kipuri halisi na cha bandia kwa macho tu.

Daftari la mjomba

Hati za serikali hazisemi mengi kuhusu matunzo ya gari la mtu binafsi. Kwa sehemu hii nimetumia daftari la mjomba wangu, aliyenunua Corolla ya miaka ya 1990 pale Nakonde mwaka 2011 na kuifanya teksi kati ya Kashikishi na Chienge. Ni daftari la shule la kawaida. Ameandika kwa Kibemba tarehe, kazi iliyofanyika na fedha alizolipa. Mwanahistoria anayelisoma hana budi kuwa mwangalifu: Januari 2013 sufuri tatu zilipoondolewa kwenye kwacha, malaki yanageuka mamia ghafla, na msomaji wa haraka angedhani vipuri vimeshuka bei.

Jambo la kwanza linaloonekana ni mpangilio. Mwaka wa kwanza hakuna rangi, hakuna redio, hakuna rimu za kung'aa. Kuna tairi, breki na oili. Gari la mtumba huja bila historia ya kuaminika, kwa hiyo alibadilisha oili na filta zote mara moja ili aanze kuhesabu upya. Alibadilisha mafuta ya breki pia, kwa kuwa hunyonya unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limeegeshwa. Tairi alizokuta nazo zilikuwa na kashata nzuri, lakini alisoma tarakimu nne zilizo ubavuni. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2304 ni wiki ya 23 ya mwaka 2004. Mpira wa umri huo hupasuka hata kama haujalika.

Pili, mkanda wa taimingi. Katika injini nyingi za Toyota za wakati ule, mkanda huu hupendekezwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, injini huzimika palepale, na katika injini za dizeli kama za Hilux na Hiace za zamani pistoni hugonga valvu na kuiharibu silinda hedi. Mjomba hakuiamini mita ya kilomita, akaubadilisha mkanda pamoja na pampu ya maji, kwa kuwa kazi ya kufungua ni moja na fundi hulipwa mara moja.

Tatu, daftari linafuata kalenda ya ziwa. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Samaki wasipouzwa abiria hupungua, na ni msimu wa mvua na matope. Mjomba alinunua vipuri Septemba hadi Novemba, wakati fedha ya samaki na ya chisense inazunguka, akavihifadhi nyumbani. Kazi kubwa, yaani klachi, bushi, shokapu na boljointi, alizifanya wakati wa kufungwa ziwa, siku ambazo gari kulala halikumpotezea mapato mengi. Sijaona kanuni hii katika mwongozo wowote wa Toyota. Imetoka Mweru.

Nne, daftari linaandika pia maboresho yaliyogeuka hasara. Fundi mmoja aliitoa themostati kwa hoja iliyozoeleka kwamba nchi yetu ni ya joto. Katika miezi iliyofuata fedha ya petroli inapanda, kwa kuwa injini isiyofikia joto lake huchoma mafuta mengi na kuchakaa haraka. Baadaye kuna mstari mfupi: themostati imerudishwa. Vilevile rejeta iliyokuwa ikijazwa maji matupu ilianza kutoa kutu, na tangu hapo anaandika kulanti kila mwaka. Filta ya hewa ndiyo inayotajwa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Katika barabara ya vumbi ni kipuri cha bei ndogo kinacholinda kile cha bei kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Daftari halitaji abiria, ila mara chache pembeni mwa mstari kuna neno moja: "Kashikishi, usiku." Nilimwuliza mama maana yake. Ni safari za kupeleka wagonjwa hospitali ya St. Paul's, wengi wao wanawake wenye uchungu. Safari hizo hazina fedha iliyoandikwa mbele yake.

Mjadala: takataka au nyenzo?

Wapo wanaosema Afrika imegeuzwa jalala la magari ya wenzetu. Hoja hii ina uzito. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi zaidi. Serikali zimejibu kwa njia tofauti. Kenya haipokei gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Zambia ilianzisha kodi ya hewa ya ukaa kwa magari mwaka 2006.

Kwa mtazamo wangu, kikomo cha umri kinajibu swali la bandarini na kuliacha swali la gereji. Gari la miaka 6 likiendeshwa miaka 20 kwa oili chafu na breki za bandia litakuwa hatari kuliko Corolla ya mjomba. Isitoshe, kikomo kikali hupandisha bei ya kununulia, na mnunuzi aliyetumia akiba yote bandarini habaki na chochote cha mkanda wala tairi. Lakini siwaungi mkono wanaosema tuyaache mambo yalivyo. Gari bovu huua, na anayekufa mara nyingi ni abiria au mwenda kwa miguu ambaye hakulichagua.

Ninachopendekeza ni kuhamishia uzito kwenye matunzo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 2002 iliyounda wakala wa RTSA inataka magari yakaguliwe. Ukaguzi huo uwe karibu na bei yake iwe ya kubebeka kwa mtu wa Chienge, ili usigeuke safari ndefu ya kutafuta karatasi. Ujuzi wa mafundi wa mitaani upimwe na kupewa cheti bila kuwalazimisha kuanza shule upya. Na sisi wanafunzi wa historia tuyakusanye madaftari kama hili kabla hayajafungiwa vitumbua.

Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha kwamba ufukweni mwa Mweru gari limekuwa suala la vipuri kuliko suala la injini. Katika ukoloni vipuri vilishikwa na mwenye duka la mjini, wakati wa uhaba vilishikwa na mwenye dola, na katika soko huria vinashikwa na yule anayejua kutofautisha halisi na bandia. Wenye mfuko mdogo hawakungoja kipindi kipite. Walipanga, wakaahirisha rangi, wakatanguliza breki na kuyalinganisha matengenezo na kalenda ya samaki. Maarifa hayo yamewekwa katika mikono ya watu ambao majina yao hayamo katika vitabu, na Corolla hiyo, ambayo rangi yake haijaguswa tangu ilipotoka Nakonde, bado inakwenda Kashikishi.